Golikipa na Jina la Mama Mdogo

Kijiji cha Betchhari,
Dighinala, Khagrachhari,
Bangladesh.

12 Novemba

Mpendwa Dada yangu,

Kabla sijakuambia neno lolote, nijulishe kwanza habari za magoti yako. Barua yako ya mwisho ilisema unashuka ngazi za nyumba kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutambaa, na tangu siku hiyo kila nikishuka ngazi zetu nakukumbuka. Je, yale mafuta ya kuchua yamekusaidia? Na kifua cha mwanao Shantimoy kimetulia baada ya mvua? Na huko Diyun, baridi imeshateremka kutoka milimani au bado inajiuliza? Huku kwetu ukungu unakaa juu ya mto mpaka watoto wameshaingia darasani.

Sisi tu wazima. Mke wangu, Mama Aloka, anakusalimu sana. Mgongo unamsumbua, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Jicho langu la kulia lilipasuliwa mwezi wa Machi kule Dhaka, nalo limekuwa jipya kiasi cha kuniudhi. Naona vumbi juu ya vitabu vyangu ambalo kwa miaka mingi sikujua kwamba ninaishi nalo. La kushoto sijakubali liguswe. Nataka kwanza nilinganishe.

Mpunga wa mlimani umekuwa wa wastani. Panya walikuja, ila si kama mwaka ule mianzi ilipochanua na mbegu zake zikawazidisha. Manjano imetoka nono, na mfenesi ule wa nyuma ya nyumba, ambao nilikuwa nimeamua kuukata, umezaa kama unaojitetea.

Sasa niingie kwenye lile uliloniuliza. Uliandika kwamba Shantimoy alimwona msichana wetu kwenye televisheni ya jirani, amesimama golini na jezi ya njano, na ukataka kujua kama kweli ni Junaki, mjukuu wangu, na kama ni yeye, kwa nini anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa kuku. Ni yeye. Na kuhusu kelele, kaa vizuri, maana zina hadithi. Nusura kelele hizo zisiwepo, na bila hizo mtoto asingekuwa pale.

Nianze na watu, usije ukawachanganya. Ranjuni ni binti yangu, kitinda mimba, yule aliyekuja wakati majirani walidhani tumeshafunga duka. Ana miaka ishirini na mitatu, na ni beki wa kati wa timu ya taifa ya wanawake. Junaki ana kumi na tisa. Yeye ni mtoto wa Aloka, binti yangu mkubwa, anayeshona nguo kiwandani Chittagong. Wote wawili wamelelewa humu ndani, wakilala mkeka mmoja. Ranjuni alimbeba Junaki mgongoni wakati yeye mwenyewe meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Miaka minne tu iko kati yao. Lakini mmoja ni mama mdogo na mwingine ni mtoto, na unajua ilivyo kwetu: jina la aliyekuzidi halipiti mdomoni mwako. Unamwita kwa cheo chake cha ukoo, akiwapo na asipokuwapo, mpaka mmoja wenu achomwe moto na majivu yake yapelekwe mtoni.

Mpira wenyewe nimejifunza uzeeni. Nimesoma kitabu cha sheria zake chote, na ile sheria ya kuotea nimeirudia mara nyingi, na bado naiona kama mipaka ya nchi: mstari hauonekani, haujachorwa na mtu, lakini ukiuvuka kipenga kinalia na kila mtu anakuambia umekosa. Wewe na mimi tunaijua mistari ya aina hiyo.

Ila kilichonivuta zaidi ni golikipa. Hebu fikiri. Wenzake wote kumi wanamgeuzia mgongo. Yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja mzima, na wao hawana macho ya nyuma isipokuwa sauti yake. Nilikuwa nikidhani kazi yake ni mikono. Kumbe mikono ni ya mwisho kabisa, pale mambo yanapokuwa yameshaharibika. Kazi yake ya kwanza ni koo.

Hapo ndipo tulipokwama.

Kocha wao anaitwa Shamima, mwanamke wa Mymensingh, mfupi, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Alipoanza kazi alikuta kambini kila mdogo anamwita mkubwa "dada". Mtu akipiga kelele, "Dada, nyuma yako!" vichwa sita vinageuka na mpira unapita katikati. Kwa hiyo akaweka sheria yake: ndani ya uwanja ni majina matupu, na atakayesema "dada" anazunguka uwanja mara moja. Wasichana wa Kibengali kutoka bondeni walizoea upesi. Wa milimani walichelewa. Junaki alifika mahali akaweza kuwaita wote kwa majina yao, hata nahodha, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayecheza mbele ya pua yake. Kila alipomwita "mama mdogo" alikwenda kuzunguka. Wenzake wakawa wanamtania, "Junaki, leo umefika nchi gani?"

Nilipokuwa Dhaka kwa ajili ya jicho, nilikwenda kuwaona. Siku hiyo walicheza mechi ya mazoezi na wavulana wa shule moja ya jirani. Nilipewa kiti karibu na benchi, kitambaa kikiwa kimetoka jichoni siku chache tu nyuma, na kila kitu kikinimetameta.

"Junaki!" kocha alikuwa akimwita. "Mdomo umeuacha bwenini?"

"Ninao, kocha!"

"Basi ufungue! Beki wako si mganga, hawezi kujua kilichoko nyuma yake!"

Muda kidogo baadaye mvulana mmoja, mwembamba kama fito, akaanza kukimbia nyuma ya Ranjuni. Mimi kwa jicho langu jipya nilimwona. Junaki alimwona. Ranjuni hakumwona. Nikamtazama mtoto anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena, na mara ikamtoka, kali kama mwanzi unaopasuka:

"Ranjuni! Kulia!"

Dada, binti yangu alisimama. Sisemi alisita. Alisimama wima kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima, akageuka, akaweka mkono kiunoni huku mpira ungali unachezwa, akasema kwa lugha yetu ya Kichakma:

"Umeniitaje wewe?"

Yule mvulana hakungoja jibu. Alipita katikati yao akausukuma mpira wavuni taratibu, kama mtu anayetenga sahani.

Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alikuwa akitembea na mkono kiunoni akiuliza kila aliyemkuta kwa Kichakma kibovu, "Umeniitaje? Umeniitaje?" Nami nilicheka pia, hadi nilipomwona Junaki amejifunika uso kwa glavu zote mbili. Ranjuni alikuwa anatazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Baada ya mechi kocha alikuja kukaa karibu nami.

"Mzee, wewe ulikuwa mwalimu," alisema. "Nieleweshe. Huyu mtoto anaruka kama paka. Anadaka mipira ambayo mimi ningeikimbia. Lakini hawezi kumwita beki wake, na siku anapomwita, beki anagoma. Ni nini hiki?"

"Ni adabu," nilimjibu.

"Adabu nimeielewa. Goli ndilo sijalielewa."

Nilipendekeza waitane kwa namba za mgongoni. Akasema wamejaribu. Mazoezini namba hubadilika kila siku, na golikipa anayetafuta namba kichwani ameshachelewa. Kisha akaniambia lililokuwa moyoni mwake, bila kulipamba. Mwezi wa kumi kulikuwa na Kombe la Majirani, kule Kathmandu. Baada ya likizo ya Biju angefanya mechi moja ya majaribio. Wakirudi hivyo hivyo, Ranjuni hamwachi, kwa sababu hana beki mwingine kama yeye, ila Junaki atarudishwa nyumbani na goli litapewa msichana mwingine.

"Na golikipa akishatoka kambini, mzee, nafasi haimsubiri. Kuna mlango mmoja tu na mtu mmoja wa kusimama mlangoni."

Walikuja nyumbani kwa ajili ya Biju, mwaka mpya wetu, siku nne tu. Walilala mkeka ule ule, migongo imepeana. Jioni ya kwanza tulipokuwa tunakula, Mama Aloka aliuliza nani kafa, maana hajapata kuona wasichana wawili wakila vichipukizi vya mwanzi kwa sidol, samaki wetu wa kuvundika, wasigombanie bakuli. Hapo ndipo yote yalipomwagika.

"Sikukasirika, baba," Ranjuni alisema. "Nilitaka kukimbia. Miguu ndiyo iliyokataa. Nikilisikia jina langu kwa sauti ya mtoto, mwili unajua kwamba kuna jambo baya limetokea. Unasimama wenyewe."

"Na mimi koo linafunga," Junaki alisema. "Nikilazimisha, linatoka kama tusi."

"Kwa sababu ni tusi," Mama Aloka alisema, akiponda pilipili kinuni bila kuinua macho.

"Bibi, ni mpira tu."

"Kama ni mpira tu, unalia nini?"

Mtoto alikuwa analia kweli, machozi yanaingia kwenye wali.

Unanijua, Dada. Nikikosa la kufanya, nauliza maswali. Nikajiuliza: hii desturi ilitoka wapi? Asubuhi nikaanza safari. Mama Aloka alinijibu kwamba haifai kwa sababu haifai. Nikaenda hekaluni nikamuuliza mtawa. Akafikiri sana, akasema hakumbuki mahali popote ambapo Buddha alikataza, ila yeye mwenyewe hajawahi kutaja jina la kaka yake, na kaka yake ni mlevi. Nikaenda kwa mganga wa dawa za miti kule ng'ambo ya kijito. Yeye akasema ni kwa ajili ya msituni: mdogo akitaja jina la mkubwa kwa sauti, lililoko kwenye miti linalisikia na kulishika. Nikamuuliza, mbona basi mkubwa anaruhusiwa kulitaja la mdogo msituni humo humo? Akaniambia nimesoma kupita kiasi.

Nimepekua na vitabu vyangu vyote vinavyohusu watu wetu, vile vya Waingereza na vya Wabengali. Waandishi hao wameandika juu ya nguo zetu, mabanda ya nguruwe wetu na mashairi ya kilimo, lakini hili hawakuliona. Nadhani hakuna mtu aliyeitwa mbele yao.

Nikiwa natafuta hivyo, nikakukumbuka wewe. Sijui kama ni vizuri kuliandika hili, lakini nina miaka sabini na moja, na sipendi kuacha maswali nyuma yangu.

Siku ile mlipoondoka, mwaka wa sitini na nne, baada ya maji ya bwawa kufunika bonde letu, nyumba, hekalu, mashamba na ule mti wa babu, nilikuwa na miaka kumi. Wewe ulikuwa umeolewa majuzi tu, na ukoo wa mumeo uliamua kuvuka kwenda India. Nilikimbia kwenye ukingo wa maji mapya nikiwafuata. Msururu wenu ulikuwa unapanda kilima, na kila mwanamke alikuwa na kapu mgongoni, ukanda wake umepita kwenye paji la uso. Nikaita, "Dada!" Nikaita kwa nguvu zangu zote. Na Dada, wote waligeuka. Kila msichana kwenye kilima kile alikuwa dada wa mtu. Niliona nyuso nyingi zikinitafuta, zikaona si mimi waliyemtaka, zikarudi mbele. Uso wako sikuuona.

Jina lako lilikuwa ulimini. Lilikuwa hapa. Sikulitoa.

Sikulaumu, wala sijilaumu. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, na kapu lako lilikuwa zito. Nataka tu kujua: ulisikia? Mpaka leo sijawahi kulitamka jina lako. Hata bahasha hii nimeiandika kwa jina la Shantimoy, kama zote. Mwambie aniandikie jibu lako hata kama ni neno moja. Likiwa "hapana", nitafurahi vilevile, kwa sababu nitakuwa nimejua.

Basi, turudi kwa wasichana.

Asubuhi ya siku kuu ya Biju, Junaki alichota maji mtoni akatuogesha sisi wazee, kama inavyopasa, akitumiminia polepole kichwani. Alipotumaliza, Ranjuni alivuta kigoda akakaa mwenyewe.

"Na mimi ni mkubwa wako. Nimwagie."

Junaki akammiminia. Na anayeogeshwa anatakiwa atoe baraka, kwa hiyo wote tukangoja. Ranjuni akasema, maji yakimchuruzika puani, "Jina langu ni mali yangu. Nakupa. Litumie kama unavyoitumia kanga yangu, bila kuniomba."

Nilidhani limekwisha. Ningekuwa mwandishi wa hadithi ningelimalizia hapo. Walikwenda uwanjani pa shule kujaribu, nami nikafuata na kiti changu. Junaki aliita kwa kisauti kama cha mbuzi aliyefunikwa na kapu, na Ranjuni alisimama kila mara. Alijikaza, alitukana miguu yake, na bado ilisimama. Ruhusa ilikuwa imetoka mdomoni, lakini haikuwa imefika magotini.

Mama Aloka alikuwa anawaona kutoka barazani kwetu, mwiko mkononi, sufuria ya pajan ikichemka nyuma yake na mboga zake za kila namna. Alikuwa amenuna tangu ile baraka ya kigodani. Sasa akashuka ngazi, mgongo wake na yote, akavuka uwanja hadi katikati.

"Ninyi wasomi wangu," alisema, na alikuwa ananitazama mimi. "Mnamtwisha mtoto mmoja dhambi nzima, halafu mnashangaa haitoki. Mzigo wa kijiji haubebwi na kichwa kimoja. Kama ni kosa, na ligawanywe. Likigawanywa nyumba zote, kila mtu atapata punje, na punje haimuui mtu."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo leo kila mlango uko wazi. Ranjuni atapita nyumba zote kula pajan. Na kila aliye mdogo kwake atamwita kwa jina lake tupu, na kumwambia kulia au kushoto. Asiyemwita asimpe chakula. Na wewe, Ranjuni, ukigeuka kuuliza umeitwaje, nitakupiga kwa mwiko huu mbele ya watu, hata ukijiita mchezaji wa taifa."

Laiti ungekuwapo, Dada. Nyumba ya kwanza mtoto wa jirani, wa miaka mitano, alijificha nyuma ya mama yake.

"Mwite!" mama yake alisema.

"Naogopa."

"Shangazi hatakupiga. Mwite tu."

"Ra... Ranjuni." Halafu haraka sana, "Kushoto, shikamoo."

Ranjuni aliruka kushoto, nusura aanguke kutoka barazani na bakuli lake. Nyumba ya pili alisimama, nyumba ya tatu akasimama, na mwiko ukafanya kazi yake. Baadaye watoto walipoona hakuna radi iliyopiga, wakaanza kumfuata. "Ranjuni! Kulia!" "Ranjuni, rudi!" "Ranjuni, mbwa nyuma yako!" na mbwa alikuwapo kweli. Vijana waliokuwa wakirusha mbegu za ghila chini ya miti wakaacha mchezo wakajiunga. Wazee walitoka kutazama, wengine wakiziba masikio huku wanacheka. Kufikia mchana binti yangu alikuwa ameshiba kama ngoma, na alikuwa anakwenda kulia na kushoto bila kugeuka, anatafuna.

Junaki alikuwa nyuma yao muda wote, kimya. Nilikuwa namtazama yeye zaidi. Midomo yake ilikuwa inatembea, kama mtu anayefuata sala asiyoijua vizuri.

Waliporudi kwetu, Ranjuni alipanda ngazi na bakuli mikononi, haoni miguu yake. Kipago cha nne kilikuwa kimeoza tangu mvua, jambo ambalo Mama Aloka ameniambia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Na sauti ikatoka chini, sauti ya uwanjani kabisa, iliyoshtua kuku:

"Ranjuni! Ruka!"

Akaruka. Hakugeuka. Alikanyaga kipago cha tano, akaingia ndani, akaweka bakuli chini, ndipo akakaa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Junaki alibaki chini ya ngazi, mkono mdomoni.

"Basi," Mama Aloka alisema. "Imetosha. Kuanzia sasa ni ndani ya chokaa ya uwanja tu. Nikilisikia tena jina hilo jikoni kwangu, mtalala nje wote wawili na medali zenu."

Mechi ya majaribio sikuiona. Kocha Shamima alinipigia simu jioni yake, na salamu zake zilikuwa neno moja: "Anapayuka."

Ndizo kelele alizoziona Shantimoy, Dada. Hakuibiwa kuku.

Nikuambie mapema kwamba fainali walifungwa, usije ukaisubiri. Walifungwa mabao mawili kwa moja na wenyeji, na la pili lilikuwa la haki. Lakini ninayotaka kukueleza ni nusu fainali. Tuliitazamia kwenye duka la chai la hapa sokoni, kijiji kizima, watoto wamekaa mbele chini, wazee viti vya nyuma. Mama Aloka, ambaye hajapata kukanyaga duka hilo kwa madai kwamba ni la wanaume wavivu, alikuja na kigoda chake akakaa karibu nami.

Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, na muda ulikuwa unayoyoma. Wapinzani walipata kona. Mpira ukapigwa, ukatolewa kwa kichwa, ukarudishwa ndani, na mshambuliaji wao mmoja, mrefu, akaachwa peke yake nyuma ya Ranjuni. Ilikuwa ile ile ya Dhaka. Jicho langu la kulia lilimwona kabla ya mtangazaji. Nilishika goti la mke wangu.

Nilitaka kuisikia. Niliinama kuelekea televisheni kadiri mgongo ulivyoniruhusu. Lakini uwanja wa kule ulikuwa na ngoma na matarumbeta, mtangazaji alikuwa anapiga kelele zake, na dukani hapa kila mtu alikuwa amesimama. Nilichokiona ni mdomo. Junaki alifungua mdomo wake wote, mara moja, bila kusita, kichwa kimerudi nyuma na mishipa ya shingo imesimama. Na Ranjuni, ambaye alikuwa amempa mgongo, ambaye hakuweza kuona kitu, alichukua hatua moja kulia. Mpira ukampiga pajani ukatoka nje.

Duka lilipasuka. Katikati ya makelele Mama Aloka alinisogelea sikioni.

"Amesemaje yule mtoto?" aliniuliza.

"Sikusikia," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

"Hata mimi," alisema, akajiweka sawa kwenye kigoda chake, ametulia kabisa, akaagiza chai ya pili.

Nisalimie Shantimoy na mkewe Sujata, na umwambie apunguze sigara, kifua si cha kukodi. Nisalimie binti zao wawili, na yule mdogo anayependa ramani mwambie nimemwekea moja ya zamani, yenye mto wetu kabla haujawa ziwa. Mpelekee salamu mtawa wa hekalu lenu. Aloka anakusalimu kutoka Chittagong, Ranjuni na Junaki kutoka kambini, na Mama Aloka anasema ule kidogo kidogo lakini mara nyingi. Mto Noa-Dihing ukae mahali pake, paa lako lisivuje, na kila kiumbe cha nyumbani mwako kiwe na amani.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kutoka upande huu wa milima,

Purnamohan